Herufi za Stesheni Isiyojengwa: Uhakiki wa Utambuzi wa Fonti za Vibao vya Reli katika Njia za Kuigiza, kwa Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna waundaji wa reli za mfano na wa njia za treni za kuigiza ndani ya kompyuta wanavyotambua fonti za vibao vya stesheni. Kwa kawaida, kupatikana kwa jina la fonti huchukuliwa kuwa mwisho wa utafiti. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, katika mazingira ya Afrika Mashariki, jina la fonti ni sehemu ndogo ya swali. Uhalisia wa kibao hutokana na mambo manne: mamlaka iliyokiweka, chombo kilichokiandika, wakati wake na msomaji wake. Hoja hiyo inapimwa kwa majina matatu ya mkoa wa Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama. Huko treni haijawahi kufika kwa nchi kavu, na kwa hiyo kila kibao cha stesheni hakina budi kubuniwa. Uchambuzi unaonesha kuwa majina hayo matatu yana herufi chache mno kuweza kutenganisha fonti zinazofanana, lakini yana uwezo wa kufichua kama kibao kiliandikwa kwa mkono au kwa mashine.

1.0 Utangulizi

Mtu anayeunda njia ya treni ya kuigiza huwa mwangalifu sana katika mambo ya vipimo. Hathubutu kuweka behewa la reli ya TAZARA, yenye upana wa milimita 1,067, juu ya Reli ya Kati ya zamani yenye upana wa milimita 1,000. Wala hachanganyi reli hizo mbili na reli ya kisasa ya milimita 1,435 ambayo treni zake za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Kosa la namna hiyo huonekana mara moja na kuharibu kazi nzima. Hata hivyo, mtu huyohuyo huweza kuandika jina la stesheni kwa herufi za Uingereza ya mwaka 1949 juu ya jengo la Wajerumani la mwaka 1912, na asione tatizo lolote. Herufi huchukuliwa kuwa pambo, ilhali upana wa reli huchukuliwa kuwa ukweli.

Makala haya yanashikilia kwamba tofauti hiyo haina msingi. Herufi za kibao cha reli zilichaguliwa, zikalipiwa na kuwekwa na mamlaka fulani kwa ajili ya wasomaji fulani. Zina historia kama ilivyo kwa taruma. Anayezikosea hukosea historia ya waliozisoma.

Mkoa wa Mara umechaguliwa kwa sababu unalifanya tatizo hili lionekane wazi. Mpango wa reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma umetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya usafiri ya Tanzania, lakini sehemu ya Arusha hadi Musoma haijajengwa. Anayetaka kuigiza safari hiyo atapata picha za stesheni za Tanga, Korogwe na Moshi. Akifika Musoma au Bunda, hatapata kibao cha stesheni cha kunakili. Hapo ndipo mbinu yake inapopimwa.

2.0 Usuli: Reli, Ziwa na Maandishi

Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani, na reli hiyo ikafika Moshi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na zile za Kenya na Uganda kuwa shirika moja la reli na bandari la Afrika Mashariki. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda Shirika lake la Reli, TRC. Mwaka 2007 uendeshaji ulihamia kwa kampuni ya TRL, na sheria ya mwaka 2017 ikarejesha jina la TRC.

Mfuatano huu una thamani ya moja kwa moja kwa mtafiti wa vibao. Herufi TRC peke yake haziwezi kutoa tarehe ya kibao, kwa kuwa zimetumiwa katika vipindi viwili vilivyotenganishwa na miaka kumi. Herufi TRL, kinyume chake, hukiweka kibao ndani ya kipindi kifupi kinachojulikana.

Musoma haikuwa nje ya historia hii. Meli za Ziwa Victoria ziliendeshwa na shirika lilelile la reli, na Musoma ilikuwa miongoni mwa bandari zake pamoja na Mwanza, Bukoba, Kisumu na Port Bell. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa mali ya reli sawa na injini za mvuke za Nairobi au Tabora. Kwa hiyo, ingawa Musoma haikuwa na stesheni ya treni, ilikuwa na maandishi ya reli: kwenye ubavu wa meli, kwenye gati na kwenye nyaraka za mizigo. Jambo hili husahauliwa na wale wanaodhani kuwa mahali pasipo reli hapana ushahidi wa reli.

3.0 Mbinu Inayohakikiwa

Mbinu iliyozoeleka huenda kwa hatua tatu. Kwanza, mwundaji hutafuta picha ya kibao. Pili, hukata kipande chenye jina na kukipeleka katika huduma ya utambuzi wa fonti, kama vile WhatTheFont, ambayo hulinganisha maumbo na fonti zilizomo katika orodha yake. Tatu, huchagua fonti iliyokaribia zaidi, huandika majina ya stesheni zote kwa fonti hiyo, kisha huyabandika juu ya vibao.

Mbinu hii ina udhaifu wa aina mbili. Udhaifu wa kwanza umo katika huduma yenyewe. Huduma ya namna hiyo hujibu kwa kuangalia orodha yake, na orodha yake ni ya fonti zilizotengenezwa kuuzwa au kusambazwa. Mchora vibao aliyetumia brashi, rula na rangi hayumo katika orodha hiyo. Anapoletwa mbele yake, huduma humpa jina la mtu mwingine. Jibu hutolewa kwa sura ya uhakika, ilhali kilichofanyika ni kutafuta jirani wa karibu.

Udhaifu wa pili umo katika swali. Kuuliza “hii ni fonti gani?” ni kukubali tayari kwamba kibao kiliandikwa kwa fonti. Katika reli nyingi za dunia, herufi za vibao zilichorwa kufuata mchoro wa ofisi, zilikatwa katika bati na kupakwa rangi, zilisubuliwa kwa chuma, au ziliandikwa tu na fundi aliyekuwa na mkono mzuri. Swali linalotangulia lingepaswa kuwa: hiki kiliandikwa na nani, na kwa chombo gani?

4.0 Uchambuzi

4.1 Majina Matatu, Herufi Kumi

Maelekezo ya kutambua fonti za reli yaliyotungwa Ulaya hutegemea herufi chache zenye sura ya pekee: mguu wa R, mkia wa Q, kidevu cha G, nukta ya i. Fonti ya Edward Johnston, iliyoanza kutumika katika reli za chini ya ardhi za London mwaka 1916, ina nukta yenye umbo la almasi. Gill Sans ya Eric Gill, iliyotolewa mwaka 1928 na kuchukuliwa mwaka uliofuata na kampuni ya reli ya LNER, ina nukta ya duara. Rail Alphabet ya Jock Kinneir na Margaret Calvert, iliyoingia katika reli za Uingereza mwaka 1965, ina sura ya karibu na Helvetica, na pembe ya kati ya M yake hushuka hadi chini.

Majina ya Mara yakiandikwa kwa herufi kubwa, ushahidi huo hupungua sana. MUSOMA, BUNDA na BUTIAMA kwa pamoja yana herufi 18, lakini herufi tofauti ni 10 tu: A, B, D, I, M, N, O, S, T na U. Hakuna R, hakuna G, hakuna Q. Zaidi ya hapo, A, M na U zinachukua nafasi 10 kati ya hizo 18. Muundo wa maneno ya Kibantu, wenye silabi zinazoishia kwa irabu, ndio unaoleta msongamano huu. Herufi kubwa ya I, kwa upande wake, haina nukta ya kuchunguzwa.

Kwa hiyo M ndiyo inayobaki kuwa shahidi mkuu. Pembe yake ya kati ikishuka hadi chini, Gill Sans na Johnston huondolewa. Ikiishia katikati ya kimo, Rail Alphabet huondolewa. Lakini M haiwezi kuamua kati ya Gill na Johnston, kwa kuwa Gill aliirithi sura hiyo kutoka katika kazi ya Johnston. Mtafiti mwaminifu akifika hapo husimama. Anayedai zaidi ya hapo kwa kutazama neno MUSOMA peke yake hudai kisichomo katika ushahidi.

Hata hivyo, majina hayahaya yana uwezo ambao maelekezo ya Ulaya hayakuuzingatia. MUSOMA lina M mbili. BUTIAMA lina A mbili. Katika fonti ya kompyuta M hizo mbili hulingana kabisa, kwa sababu ni umbo moja lililoitwa mara mbili. Katika maandishi ya brashi hutofautiana: moja huwa pana kidogo, nyingine huinama, unene wa rangi hubadilika. Katika herufi zilizopakwa rangi kupitia bati lililokatwa, maumbo hulingana lakini ndani ya O, A, B na D huonekana mapengo madogo ya madaraja yanayozuia kipande cha kati kisidondoke. Hivyo neno MUSOMA ni kipimo cha chombo kilichotumika. Neno BUNDA halina herufi inayojirudia. Halina budi kusomwa pamoja na maneno mengine ya kibao hichohicho. Kutokana na ulinganisho huu, majina ya Mara hayawezi kueleza kwa uhakika fonti ni ipi, lakini yanaweza kueleza kama kuna fonti au hakuna. Kwa mwundaji wa njia ya kuigiza, jibu la pili ni la msingi zaidi.

4.2 Jina la Fonti na Wakati wa Fonti

Tatizo la wakati linaonekana vizuri katika herufi zinazoitwa DIN. Kwa kuwa sura yake hunasibishwa na Ujerumani, huchaguliwa kwa urahisi kwa ajili ya stesheni za enzi ya Wajerumani. Asili yake inarudi kweli katika michoro ya reli za Prussia ya mwaka 1905. Lakini kiwango chenyewe, DIN 1451, kilitolewa rasmi mwaka 1936, zaidi ya miaka 15 baada ya Wajerumani kupoteza koloni lao. Kuandika stesheni ya mwaka 1912 kwa faili ya DIN 1451 ni kukiweka kibao mbele ya wakati wake, hata kama uraia wa herufi umepatiwa.

Enzi hiyo hutambulika vizuri zaidi kwa tahajia. Wajerumani waliandika Moschi, Aruscha, Muansa na Schirati. Jina la mwisho ni la pwani ya ziwa mkoani Mara. Kibao cha kuigiza chenye herufi zilizochaguliwa kwa uangalifu lakini chenye neno “Shirati” kwa tahajia ya leo hujikana chenyewe.

Kwa kipindi cha kuanzia mwaka 1948, hatari ni ya aina nyingine. Reli za Uingereza zilitumia Gill Sans kwa wingi katika miaka hiyo, na kwa hiyo huchukuliwa kwamba reli za Afrika Mashariki nazo zilifanya hivyo kila mahali. Hiyo ni dhana inayotokana na utawala, si ushahidi unaotokana na kibao. Uthibitisho hutafutwa katika vitu vilivyobaki. Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, limehifadhi injini ya daraja la 59 iitwayo Mount Gelai. Injini 34 za daraja hilo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na Gelai ni mlima ulio kando ya Ziwa Natron, kati ya Arusha na Mara. Sahani ya jina kama hiyo ni ushahidi wa herufi za chuma cha kusubu. Lakini hata sahani hiyo haithibitishi herufi za kibao cha mbao cha stesheni ndogo, kwa kuwa karakana ya injini na fundi wa rangi wa stesheni hawakufanya kazi kwa chombo kimoja.

Kibao pia ni zaidi ya jina. Vibao vya enzi ya shirika la pamoja, hasa vya Kenya, vilionesha mwinuko wa stesheni. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambazo ni karibu futi 3,720. Stesheni ya kubuni katika gati ya Musoma, ikiwa ni ya miaka ya 1950, ingepaswa kuwa na tarakimu iliyo juu kidogo ya hiyo, kwa futi. Ikiwa ni ya baada ya nchi kuhamia vipimo vya metriki, kipimo kingebadilika. Lugha nayo ingebadilika: mwezi Januari 1967 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa shughuli zake zote ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwundaji anayeweka maneno ya Kiingereza juu ya mlango wa chumba cha kungojea cha Bunda ya mwaka 1985 anapaswa kueleza maneno hayo yalimlenga nani.

4.3 Mkono wa Mchora Kibao

Ushahidi ulio karibu zaidi na stesheni ya kubuni ya Mara haupo London wala Berlin. Upo Mara. Majina ya mitumbwi na boti katika mwalo wa Mwigobero, vibao vya shule, kuta za maduka ya Bunda pale barabara ya Mwanza inapokutana na ile ya Ukerewe: yote hayo ni maandishi ya mafundi wanaojulikana na wateja wao. Sifa zake zinaweza kuorodheshwa. Herufi hubanwa pale jina linapokaribia ukingo wa ubao. Mistari ya penseli ya kuongozea huonekana chini ya rangi. Kivuli cha herufi huwekwa upande mmoja kwa rangi ya pili. Jina la zamani huchungulia chini ya jina jipya lililopakwa juu yake.

Reli iliyoendeshwa kwa fedha kidogo kwa miongo kadhaa ilitegemea upakaji upya wa vibao. Fundi alifuata herufi za chini, na kila alipozifuata alizisogeza kidogo kuelekea mkono wake. Kibao cha namna hiyo kina waandishi wawili: ofisi iliyochora kwanza na fundi aliyefufua. Fonti ya kompyuta humrudisha mwandishi wa kwanza na kumfuta wa pili.

Butiama huongeza uzito wa hoja hii. Ni kijiji alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, na kina jumba la makumbusho lenye jina lake. Wageni hufika wakiwa na matarajio ya taifa zima. Njia ya kuigiza inayopitisha treni Butiama haiweki tu stesheni. Inatoa maoni kuhusu nchi ambayo ingeweza kuwapo. Ikiandikwa kwa Gill Sans, inasema kuwa reli ililetwa na mkoloni. Ikiandikwa kwa mkono na kwa Kiswahili, inasema kuwa ilijengwa baada ya uhuru. Ikiandikwa kwa herufi zilizochapwa juu ya plastiki na mkandarasi, inasema kuwa ni reli ya karne hii. Mwundaji hawezi kukwepa kusema mojawapo. Anachoweza ni kusema bila kujua.

5.0 Mjadala

Pingamizi la kwanza ni kwamba njia ya kuigiza ni mchezo, na mchezo haudaiwi ushahidi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama waundaji wenyewe wasingedai uhalisia. Lakini wanadai, na hupimana kwa madai hayo. Aidha, stesheni zinapobomolewa au kufunikwa na ujenzi mpya, picha za kuigiza hubaki zikizunguka na kuaminiwa. Kijana wa Musoma anayeijua reli ya zamani kwa kioo cha kompyuta tu atachukua herufi zilizomo kuwa ndizo babu zake walizozisoma.

Pingamizi la pili ni la kiutendaji. Katika reli ya mfano ya uwiano wa 1:87, herufi ya sentimita 20 huwa na kimo cha milimita 2.3 tu, na umbo la nukta halionekani. Pingamizi hili ni sahihi kwa kiasi, na kwa kweli linaunga mkono hoja ya makala haya. Kwa kimo hicho jina la fonti hupoteza maana, lakini nafasi kati ya herufi, rangi ya ubao, lugha na tahajia bado huonekana. Mambo yanayobaki ndiyo yaleyale yanayopuuzwa. Katika kompyuta, ambako mtazamaji anaweza kukisogelea kibao, hata M mbili za MUSOMA hulinganishwa kwa jicho.

Pingamizi la tatu ni kwamba maandishi ya mkono ni kazi ngumu kuiga. Ugumu huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kibao katika programu za uigaji ni picha iliyobandikwa juu ya umbo, na picha inaweza kuchorwa badala ya kuchapwa. Pale ambapo programu hujaza jina yenyewe, inawezekana kutengeneza fonti yenye maumbo mawili au matatu ya kila herufi inayojirudia sana. Kwa mkoa wa Mara, kuanza na A, M na U kungetosha kwa zaidi ya nusu ya herufi za majina haya matatu.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba utambuzi wa fonti, unapochukuliwa kuwa mwisho wa utafiti, hutoa jina bila kutoa maelezo. Umeonesha pia kwamba majina ya Musoma, Bunda na Butiama, ambayo hayatoshi kutenganisha Gill na Johnston, yanatosha kutenganisha mashine na mkono. Inapendekezwa kwamba kila kibao cha stesheni ya kubuni kiambatanishwe na tamko fupi la mambo manne: mamlaka inayodhaniwa kukiweka, mwaka, chombo cha kuandikia na msomaji aliyelengwa. Inapendekezwa vilevile kwamba picha za vibao vya reli na vya bandari zikusanywe pamoja na za vibao vya kawaida vya miji husika, zikiwa na tarehe na kipimo, kabla rangi haijapakwa tena.

Tafiti zijazo zinaweza kupanua ulinganisho huu hadi Mwanza na Bukoba, ambako maandishi ya meli, ya gati na ya miji yalikaa pamoja kwa muda mrefu. Kwa sasa yatosha kusema kwamba stesheni ya Musoma, kama itajengwa siku moja, itakuwa na kibao chake halisi, na wakazi watakisoma bila kumuuliza mtu. Hadi hapo, anayekiandika kwa niaba yao katika kompyuta anabeba wajibu wa kueleza kwa nini amechagua herufi hizo.